Utepe wa Kabati la Zuhura

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaletewa na watu, maana pale stendi ya Newala bado wapo wanaoisimulia habari hii na kila mmoja anatia chumvi yake: ni kweli, kabati la mpwa wangu Zuhura lilibanduka mbele ya wakwe zake, mchana kweupe, na fundi wake ni mimi. Wanaosimulia huishia pale watu walipocheka. Aibu yangu hasa ilikuja dakika mbili baadaye, na hiyo wao hawaifikii.

Mimi ni seremala, nimefundishwa kazi kwa mninga na mvule, mbao ambazo ukizipiga randa unajua umeshika ubao. Basi ikaja ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Masasi ambayo zamani ungeingia ukakuta chumvi na viberiti (na siku nyingine chumvi peke yake) yakaanza kujaa redio, vyombo vya plastiki, vitambaa vya kila rangi, na humo humo ikaja chipbodi, ule ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa, juu umefunikwa ngozi nyeupe inayong'aa. Bibi harusi gani tena atake kabati la mninga? Wote wakataka jeupe. Na Zuhura naye akataka jeupe.

Kwetu mjomba si mtu wa kuja kula pilau akaondoka zake. Mtoto wa dada yako ni wako, akiolewa watu wanauliza mjomba wake nani, na vyombo vyake vikipelekwa wanatazama mjomba katoa nini. Dada yangu, Mama Zuhura, anakaa Mnyambe na mikorosho yake, mumewe alishafariki, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kutazamwa ila mimi. Aliniita akaniambia, "Baba Hamisi, wale watu wa Lisekese wanajiona sana. Mwanangu anaenda kuishi kwao. Usije ukafanya akaanza ndoa kwa kuchekwa."

Nikamjibu, "Dada, wewe andaa vigelegele tu." (Kuna maneno mtu akiyakumbuka anatamani kujizaba kofi.)

Nikateremka Masasi kununua mbao. Sasa, chipbodi ukiikata, ubavu wake unabaki wazi, mbaya kama mkate uliomegwa, na maji yakipata njia hapo unavimba kama umeng'atwa na nyuki. Ndiyo maana kuna utepe mwembamba wa plastiki unaobandikwa kwenye kingo zote kuziba. Utepe wenyewe ulikuwa unaagizwa Dar es Salaam. Mwenye duka, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, akachukua daftari akaniuliza vizuri kabisa: "Fundi, nikuagizie wa upana gani? Ubao wako ni milimita kumi na nane, wengi wanachukua utepe wa ishirini na mbili ili ziada waikate baada ya kubandika. Na unataka wenye gundi mgongoni, ule wa kupigwa pasi, au usio na gundi? Mweupe kabisa au wa krimu? Na mita ngapi, kingo zote umepima?"

Maswali manne, na mimi sikuwa na jibu hata la moja. Ningesema tu, "Mama, hii kazi ni ngeni kwangu, nielekeze," angenielekeza, wala asingenicheka. Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama fundi mwingine, wa pale pale Masasi, ameegemea kaunta anasikiliza, na mimi mbele ya fundi mwenzangu niulize mambo ya utepe kama mwanafunzi? Thubutu! Nikasema, "Niletee ule wa kawaida. Mita thelathini zinatosha."

"Wa kawaida ndiyo upi?"

"Huo huo wanaochukua mafundi."

Yule mwenzangu akakohoa kidogo. Mama akanitazama juu ya miwani, akaandika. Uamuzi wenyewe ndio huo, hauzidi maneno kumi.

Wiki tano nzima nilikaa na mbao zangu Newala, nikakata, nikaunga, kabati likasimama, mlango unafunga bila kelele, nikajisifu mwenyewe. Utepe ukafika kwa basi zikiwa zimebaki siku nne kabla ya kupeleka vyombo. Kuufungua, nikaona kwanza rangi: krimu, kama meno ya mvuta sigara, na kabati langu ni jeupe pe. Nikajipa moyo, rangi siyo kitu. Nikauweka kwenye ukingo wa ubao: mwembamba! Milimita kumi na sita. Yaani kila upande unabaki mstari wa chipbodi unachungulia. Nikajipa moyo tena, nitapitisha rangi nyeupe. (Mtu aliyekwama ana moyo wa kujipa mwingi sana.)

Nikachukua pasi ya mkaa ya mke wangu, nikaitia moto, nikaanza kupiga. Mke wangu akaja akasimama mlangoni, "Baba Hamisi, kabati linapigwa pasi linaenda wapi, msikitini?" Nikaendelea kupiga, lakini utepe ulikuwa unajikunja, unanuka, unaganda kwenye pasi, na mgongoni hapakuwa na gundi hata ya kulamba. Nikaharibu mita tatu nzima kabla sijakubali. Halafu ndipo nikapima kingo zote kwa mara ya kwanza, milango, rafu, droo, kila ubao na kingo zake, nikakuta hata zile mita thelathini zisingetosha.

Gundi ya kubandikia plastiki Newala nzima haikuwepo. Kurudi Masasi kwa yule mama kukiri nimekosea, na huenda yule fundi bado kaegemea kaunta, sikutaka hata kufikiria. Nikakumbuka utomvu wa mkorosho. Kila mtoto wa kwetu ameubandikia kitu, sisi tulibandikia majalada ya madaftari, na ukikauka unashika kweli, siwadanganyi. Nikaukusanya, nikauloweka, nikauchemsha ukawa mzito, nikakwaruza utepe kwa msasa upande wa nyuma, nikabandika. Nikabandika palipoonekana tu, nyuma na chini nikaacha wazi, vipande vifupi nikaunganisha, na ile mistari nikapitisha rangi. Siku ya pili nikavuta kwa kucha, utepe umekataa kutoka. Nikasema, alhamdulillahi, mababu zetu walikuwa mafundi.

Ila utomvu wa mkorosho una kitu kimoja ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua pia. Daftari likilowa, jalada linatoka. Hilo sikulikumbuka.

Vyombo vilipelekwa siku moja baada ya ndoa, Zuhura akiwa tayari yuko kwao mume. Lori likateremka kutoka Newala na akina mama wameimba mpaka sauti zimekauka, kabati limesimama katikati kama bwana harusi. Lisekese pale uwanjani watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Tukalishusha, vigelegele vikapanda, mimi nikajisogeza karibu ili anayetaka kumjua fundi asipate tabu. Lakini njia ile mnaijua, kabati lilikuwa limekuwa jekundu kwa vumbi. Basi akatoka bibi yake mume, Bibi Somoe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu shambani, na beseni la maji na kitambaa.

"Shikamoo, bibi," nikasema haraka, "lakini hilo tusilifute kwa maji."

"Marahaba. Kwa nini?"

Sasa nimwambie nini? Nikasema, "Ni la kisasa."

"La kisasa halitaki maji? Kabati au paka?" Watu wakaanza kucheka, naye akakamua kitambaa kidogo sana, akaanza kufuta, na huyu bibi hafuti kwa kugusagusa, anasugua. Mlango wa kwanza ukawa mweupe, watu wakasema aaah. Mlango wa pili ule utepe ukainuka ncha. Bibi Somoe akadhani ni uchafu, akauvuta. Ukaja. Akavuta tena, ukaja wote, wa mlango mzima, ukamganda mkononi, akautoa kwa mkono wa pili ukagandia huko, akajifuta kwenye kanga ukaning'inia kwenye kanga, na mimi nikawa nazunguka kabati kukandamiza tepe nyingine kwa viganja, huku nabandika kule kunabanduka, mpaka nikawa nimelikumbatia kabati mbele za watu. Palipokuwa wazi pakaanza kuvimba. Uwanja mzima ulicheka, hata dereva wa lori. Dada yangu hakucheka. Alianza kusema na mimi kwa Kimakonde, polepole, na dada akiacha Kiswahili ujue hasira imefika mwisho.

Bibi Somoe akauliza, utepe bado unaning'inia, "Jamani, fundi wa hiki kitu ni nani?"

Hapo ndipo Zuhura akatoka ndani. Bibi harusi wa siku moja, anatakiwa atulie ndani hata chafya apige kwa adabu, akatoka na kanga kichwani akasimama mbele ya watu wote. Akasema, "Bibi, msimlaumu mjomba. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemharakisha, nilimwambia amalize kwa siku mbili, sikutaka kusubiri."

Uongo mtupu. Hakuwahi kuniharakisha hata siku moja. Akanitazama mara moja tu, akainamisha kichwa.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, watu wote walikuwa wananisubiri, na nikaona mlango umefunguliwa nikapita. Nikaguna, nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa amewaonya. Wallahi, nilitikisa kichwa! Mkasa wangu ndio huo, si wa utepe.

Baada ya siku tatu nilikwenda Masasi, nikamwambia yule mama sijui kitu, nielekeze, naye akanielekeza bila hata kutabasamu. Utepe ulipofika, wa ishirini na mbili, mweupe, na gundi yake kwenye kopo, nikaenda Lisekese kurekebisha. Nilipokaribia nyumba nikasikia mtu anaita, "Bi Haraka! Lete maji, ila taratibu!" na wengine wanacheka. Zuhura akatoka na ndoo. Jina lilikuwa limeshamganda. Shangazi wa mume akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba ghala hawajamkabidhi, wala kupikia wageni hawamwachii, mpaka haraka yake ipungue. Zuhura akanisalimia kwa furaha kama kawaida, akaniwekea kiti.

Sikukaa. Nikaomba Bibi Somoe aitwe, na wote waliokuwepo siku ile. Wakaja, wanadhani naonyesha utepe mpya. Nikawaambia, "Mpwa wangu hakuniharakisha. Nilikuwa na wiki tano. Dukani niliulizwa maswali, nikaona haya kusema sijui, nikaagiza kitu nisichokijua, kisha nikabandika kwa utomvu wa mkorosho. Yeye alinisitiri, nami nikamwacha."

Zuhura alikuwa anakuna nazi, akaacha. Bibi Somoe akasema, "Kumbe tumepata mtoto wa namna hii nasi tunamnyima ufunguo wa ghala." Akaufungua kwenye upindo wa kanga, akampa pale pale. Kisha akanigeukia, "Na wewe fundi, mtoto akisimama kukusitiri, unamwacha asimame peke yake?"

Nikasema, "Nimekosa, bibi," nikapiga magoti nikaanza kubandua mlango wa kwanza.

Siku hizi mtu akinitania kwa habari ya utepe namwacha atanie, nacheka naye. Dukani nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata wasimame mafundi kumi nyuma yangu. Lakini nikimsikia mtu anataja lile jina la Bi Haraka, nimeapa, namkatiza hapo hapo hata kama ni msibani, namwambia yule mtoto hakuwa na haraka yoyote, mwenye kosa nilikuwa mimi.