Kipande cha Godoro

Kila jioni kocha wa mpira wa kikapu humpa nahodha kipande cha godoro amgongegonge nacho mchezaji mpya, pandikizi la mtu, chini ya kikapu, ili mgeni huyo apate ukali. Nahodha hugonga kwa moyo wote. Miaka sita ametoa jasho katika uwanja huu na kocha hajamwita "mwanangu" hata mara moja. Huyu wa juzijuzi, mwenye viganja kama sinia, anayemwomba radhi kila anayemgusa, ndiye mwana! Leo nahodha alilitupa godoro, akamtia kiwiko cha mbavu. Jitu likageuka, likampamia na kutumbukiza mpira kikapuni.

"Hivyo hivyo, mwanangu!" kocha akashangilia.

Nahodha alikuwa chali sakafuni. Kiganja kipana kikamshukia.

"Samahani, kaka. Umeumia?"

Akakishika, maana hakuna mwingine aliyemnyooshea mkono.