Shangazi na Kioo cha Kugusa

Shangazi yangu, aliyenilea tangu nilipofiwa na mama, alikuwa mwanamke wa maneno. Mtaani kwetu Shella, hapa Malindi, alikuwa somo: ndiye aliyeitwa kumfunda bibiharusi, na majirani walikuwa wakijipanga nje ya mlango kusikiliza, maana hata mambo ya siri aliyasema kwa sauti ya kuita watu. Nyumbani alizungumza na kuku, na sufuria, na redio. Nikirudi kutoka skuli ninakofundisha, alinianzia habari za mchana kabla sijavua viatu.

Kwa hivyo kiharusi kilipompata, asubuhi moja akikuna nazi, kilichonitisha zaidi si mkono wa kulia uliopooza wala mguu aliokuwa akiukokota. Ni kimya kile. Alirudi kutoka hospitali akili yake timamu, akifahamu kila tunachosema, lakini mdomoni halikutoka neno ila "ba." Ba ya njaa, ba ya maumivu, ba ya kumfukuza paka. Nikikosea kumfahamu, alifumba macho akaugeukia ukuta.

Mwanamke wa mazoezi ya viungo alikuwa akija kumnyoosha mkono na mguu. Alikuwa mtu wa bara aliyehamia Pwani kwa kazi, akaolewa na kubakia hukuhuku. Siku moja alinikuta nikisahihisha kazi za wanafunzi kwenye laptopu yangu, akaitazama.

"Mwalimu, hii si ni ya kugusa?"

"Aliyeniuzia alisema hivyo. Mimi siigusi, yaacha alama za vidole."

"Basi mwekee mama picha. Maji, dawa, choo. Akigusa picha, mashine imsemee."

Nilipiga picha vitu vyetu wenyewe: kikombe chake cha udongo, mto wake, mlango wa choo, dirisha la ukumbini analopenda lifunguliwe. Kila picha nikaitilia sauti yangu. Laptopu ile kioo chake kilipinduka kikalala chali kama sinia, nami nikamwekea mapajani.

"Haya shangazi, gusa."

Akautazama mkono wake wa kushoto, akauficha chini ya leso.

"Huo ndio mzima, mama," mwanamke wa mazoezi akamwambia. "Tumia huo."

"Ba!" Ilikuwa kali.

Mimi nilimfahamu. Huyu ndiye aliyenifinya sikio utotoni kwa kumpa mgeni gilasi kwa mkono wa kushoto. Kuzungumza na watu kwa mkono huo, kwake, kulikuwa sawa na kuwatukana.

Tulikuwa karibu kukata tamaa aliposogea kitini. Mkono wa kushoto ukatoka chini ya leso, ukaushika wa kulia kwenye kifundo, ukaunyanyua taratibu kama anavyonyanyuliwa mtoto aliyelala. Akaushusha juu ya kioo. Kidole kikaangukia picha ya kikombe, na mashine ikasema kwa sauti yangu: "Nina kiu."

Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Nilikwenda mtungini nikamletea maji, akayanywa yote akinitazama juu ya ukingo wa kikombe.

"Ingekuwa ni vitufe angeshindwa," mwanamke wa mazoezi alisema nilipokuwa nikimsindikiza mlangoni. "Vitufe vinataka nguvu. Hiki kioo kinataka ngozi tu."

Tangu hapo nyumba ikaanza kupata sauti tena. Niliongeza picha kila aliponionyesha kwa macho kwamba kuna jambo halimo: kuku, redio, jirani wa ng'ambo ya njia, "ndiyo," "hapana," chumvi. Hiyo ya chumvi niliijutia. Jumaa ile nilipika samaki wa kupaka, na kabla hajameza tonge la pili nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka mapajani mwake.

"Chumvi. Hapana."

"Nimesikia, shangazi."

"Chumvi," mashine ikasema. "Hapana. Hapana."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inaweza kucheka. Nimewahi kusifiwa kwa mapishi yangu, lakini sifa haijawahi kunifurahisha kama lawama ile.

Ana dada yake Lamu, wa pekee aliyebaki. Dada huyo alikuwa akipiga simu ya picha kwa msaada wa mjukuu wake, nami nikimwekea shangazi kwenye laptopu ili aone uso mkubwa. Uso ulipotokea tu, shangazi aliubeba ule mkono wake akamwekea dada shavuni. Simu ikakatika. Tukapiga tena, akamgusa tena, ikakatika tena.

"Mbona mwanikatia?" dada akalalamika.

Nikamwambia shangazi, "Usimguse usoni. Kioo chadhani wakipa amri."

Midomo ikamtetemeka. Nilijuta kumwambia. Dada kule Lamu naye akaona, akaanza kumsimulia habari ya utoto wao, siku walipoiba mkate wa sinia wa bibi yao wakaulia chini ya kitanda, na shangazi akawa analia na kucheka pamoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika leso, ukijifuta macho. Ndipo nilipotazama chini. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kioo peke yake, hakuna aliyeushika, na kidole kilikuwa kinatembea. Kidogo, kama mdudu, kutoka kidevuni mwa dada kupanda shavuni.

Niliogopa kumwambia, kisije kikasimama. Simu ilipokatika, shangazi mwenyewe akakiona kidole chake, akakitazama muda mrefu.

Mwanamke wa mazoezi alipokuja na kuelezwa, alifurahi hata akamkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku hiyo alikaa akanywa chai, akatusimulia mambo aliyoyasoma. Alisema laptopu zijazo huenda zisihitaji kuguswa kabisa: mtu atapunga mkono hewani, au atasema tu.

"Hapana," shangazi akagusa.

"Na zipo nyingine wanazitengeneza, mama, ambazo kioo kitakugusa na wewe. Ukipitisha kidole kwenye picha ya kitambaa, usikie ni hariri au ni kaniki."

Shangazi akaacha chai. Wakati huo alikuwa ameanza kupata neno moja moja, kwa taabu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mo... to?"

"Chai moto?" mwanamke akauliza.

"Anauliza kama uso wa dada yake utakuwa na joto," nikasema.

Mwanamke wa mazoezi alifikiri. "Sijui, mama. Bado wanatafuta."

Baada ya Idi dada alipanda basi akaja mwenyewe. Shangazi alimpokea ukumbini kwa mkono wa kulia, akamshika uso, na dada akakaa akashikwa, hijabu ikimwenda upande. Mimi nilijitia kazi jikoni.

Alikaa mwezi mzima, na laptopu yangu haikuniona. Dada alitaka kuwaona wajukuu wake kila jioni, na kila alipokiendea kile kioo alikigonga kwa kidole kama anayebisha mlango wa watu wasiosikia. Jioni moja shangazi alishindwa kuvumilia. Akakishika kidole cha dada yake, akakiinua.

"Usi... gonge," akamwambia. Akapumzika, akakusanya pumzi. "Gusa. Hivi."

Akamwonyesha.