Nyayo Nilizozifuta Bwawani

Vumbi lilipotulia tulimkuta shemeji yangu Nyabwire, mke wa kaka yangu, kalala kifudifudi kwenye matete, debe limebonyea pembeni yake. Mimi mwenyewe nilirushwa chini, damu inanitoka sikioni. Meneja Sospeter akauliza, "Huyu katokea wapi?" Nilijua katokea wapi. Nyayo zake nilikuwa nazifuta kila asubuhi.

Nyie vijana wa siku hizi mnafanya kazi hii ya kuhesabu wanyama kwa vyeti. Mimi nilisoma mpaka la tatu. Siku ya kwanza machimboni, njia ya Bunda kwenda Butiama, nilikabidhiwa koleo nipakie kokoto. Pale kulikuwa na shimo la zamani lililojaa maji ya mvua, likageuka bwawa. Meneja aliutaka mwamba wa ukingoni. Wilaya ikasema kwanza ijulikane nani anayategemea yale maji. Ndipo akaja Elikana, Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori kutoka Musoma, akauliza nani anajua kusoma kwato. Nimechunga ng'ombe tangu utoto, nikanyoosha mkono.

Alinifundisha kutandika kitanda cha nyayo: jioni unasawazisha tope laini kando ya maji kwa ubao, asubuhi unaangalia nani kapita. Swala, ngiri, fisi, kenge na mkia wake wa kuburuza. Kuandika kulinishinda, basi nilichora kwato daftarini na kuweka vijiti vya hesabu. Ndege niliwahesabu kwa macho. Kazi ile niliipenda, sitadanganya. Nilikuwaga nakaa kimya mpaka bata bukini wananisogelea.

Mwaka huohuo watu wakahamishiwa kijiji kipya ng'ambo ya kilima, kaka yangu na mkewe wakiwemo. Kisima waliahidiwa, hakikuchimbwa. Kina mama wakaanza kuchota bwawani, kitanda changu kikajaa miguu ya watu.

"Hizo zinaharibu kazi," Elikana akasema. "Futa, endelea."

Nikaenda kwa Meneja. "Ndugu Meneja, kina mama wanachotaga pale."

"Wewe umeajiriwa kuhesabu nini?"

"Wanyama."

"Sasa huyo shemeji yako ana kwato?"

Wapakiaji wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ripoti iliposomwa, wanyama wangu wote walikuwemo, mpaka kenge. Chini yake palikuwa na maneno mawili: watu hawatumii. Wangekiri kwamba watu wanachota, ingebidi kisima kichimbwe kwanza na mwamba usubiri.

Siku ya baruti fundi alikuwa tayari, bata bukini akatokea na vifaranga. Elikana akapaza sauti, "Subirini, watoto hawajatoka!" Tukasubiri. Wanaume wazima tunawaswaga vifaranga kwa kofia, polepole wasiumie, hata Meneja anatabasamu. Hakuna aliyezunguka upande wa matete, unaotazama kijiji. Kipande cha reli kiligongwa kuonya watu, lakini kina mama walikizoea. Kiligongwaga kila tulipopasua mawe huko mbali. Hawakuambiwa kwamba leo ni bwawani penyewe. Utambi ulishawashwa nilipoona debe linanyanyuka juu ya matete. Nilikimbia. Sikufika.

Uchunguzi ukaandika kwamba marehemu aliingia eneo la kazi bila ruhusa. Sospeter akahamishiwa machimbo makubwa zaidi. Elikana akapanda cheo. Mimi nikapelekwa Musoma kulinda geti la bohari, mpaka sikio lilipokufa kabisa wakanistaafisha kabla ya umri. Nikikaa nyumbani nawafikiria wale bata. Siwachukii, walistahili kusubiriwa. Na Nyabwire je?

Langu nimelisema: nilifuta, na nilicheka. Nilimwambia kaka uso kwa uso, na siku tatu baadaye akanikaribisha kula. Sasa nawageukia nyie wawili, Elikana na Sospeter: kila mmoja anamsukumia mwenzake. Elikana, ulisaini ripoti, na unasema maneno yale yaliongezwa baadaye. Sospeter, ofisi ilikuwa yako, na unasema uliyakuta. Mmoja wenu anadanganya. Kaka yupo Bukima na watoto wanne waliolelewa bila mama. Nendeni wote wawili siku moja, mkae mbele yao, na aliyeandika kwamba watu hawatumii awaambie watoto wale kwa kinywa chake: ni mimi.