Kahawa ya Mpima Barabara

Mpima barabara wa manispaa ana vidole vyenye rangi nyekundu isiyotoka, na kabla ya kupaka kila jiwe alama hujisemea, "Haya, twende." Asubuhi nzima Nawwaf alimfuata roho mkononi, kwenye kiwanja alichotaka kujengea wanawe nyumba. Walipoketi, Nawwaf alimmiminia kahawa, lakini mpima alikiweka kikombe chini bila kuonja. Nawwaf akaingiwa na hofu: kwa desturi yao, mgeni mwenye ombi zito hagusi kahawa mpaka akubaliwe.

"Sema, bwana. Barabara inanipasua katikati?"

"Hapana, Abu Mit'ib," mpima alimwita kwa jina la mwanawe. "Naomba mita sita tu, kule ukingoni kwenye mawe."

Nawwaf alicheka mpaka machozi. "Mawe yale? Chukua, na mbuzi nakuongezea! Kunywa bwana, umenizeesha bure!"

Vidole vyekundu vikainua kikombe. "Haya, twende."