Kurasa za Katikati

Mwau Mbithi alipata habari ile Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, akiwa ameifumua printa ya kanisa na kuzipanga sehemu zake juu ya gazeti kuukuu. Duka lake limo katika soko la Tawa, chumba cha pili baada ya fundi cherehani. Humo hutengeneza simu na kompyuta, hupiga chapa barua za watu, na huchapisha ratiba za mazishi na za harusi. Simu ilitoka mjini Kitui, kwa Bilal, rafiki yake wa miaka thelathini na miwili.

"Mwau, umekaa au umesimama?"

"Nimeinama. Sema."

"Wanautengeneza upya."

Mwau hakuuliza kinachotengenezwa ni nini. Aliweka bisibisi chini. "Nani amekwambia?"

"Wenyewe wametangaza. Nasreen amenionyesha picha. Bahari inameta, bwana! Matanga unayaona mpaka kamba zake. Na mabaharia wana nyuso."

"Wetu walikuwa nukta."

"Nukta nne za kahawia. Sasa wana hata meno yaliyooza."

Walicheka pamoja, kila mmoja upande wake wa simu. Kisha Bilal akaongeza jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, angelibakiza mpaka siku nyingine. Nasreen, binti yake, ambaye ni muuguzi Nairobi, alikuwa amemnunulia babake kompyuta mpya, yenye nguvu za kuubeba mchezo huo wa kompyuta, ili siku utakapotolewa asiukose.

"Siku hiyohiyo, Mwau. Saa hiyohiyo."

"Hongera," alisema Mwau. Alizitazama kompyuta zake sita, zilizopangwa ukutani na kufunikwa vitambaa alivyofuma mkewe. Alijua, kwa kuwa kazi yake ni kujua, kwamba hata zote sita zikiunganishwa zisingeweza kufungua ukurasa wa kwanza wa mchezo ule.

Ili msomaji auelewe uzito wa jambo hili, hana budi kurejea nami mwaka 1993. Mwaka huo Mwau, kijana wa Tawa, na Bilal, kijana wa mjini Kitui ambaye babu yake alitoka pwani na bidhaa za dukani, walijiandikisha katika chuo kidogo cha biashara mjini Kitui kujifunza upigaji chapa. Chuo kilikuwa na taipureta kumi na nne na kompyuta moja. Ndani ya kompyuta hiyo mtu asiyejulikana alikuwa ameacha mchezo wa maharamia.

Haukufanana na michezo waliyoisikia. Haukuwa na njia moja ya kufuata wala mwisho uliopangwa. Mchezaji alipewa chombo kimoja, mabaharia arobaini na barua ya mfalme, kisha akaachiwa bahari. Angeweza kufanya biashara, kuteka, kutafuta hazina, kuoa binti wa gavana, au kuzunguka tu mpaka azeeke, kwa maana nahodha alizeeka kweli: upanga wake ulipungua kasi, na mwishowe alilazimika kustaafu.

Vijana wawili na kompyuta moja. Walikubaliana kuwa na nahodha mmoja na kugawana zamu kama inavyogawanywa kazi ya mwethya, yaani ile kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro na kujenga mabwawa ya mchanga. Mmoja aliongoza chombo kwa nusu saa. Mwenzake alikaa kando na daftari, akaandika kila bandari, kila upepo na kila chombo kilichotekwa. Kisha walibadilishana. Asiyefika siku yake aliandika zamu mbili alipofika, kama vile katika mwethya asiyefika leo huchimba mara mbili kesho. Nahodha walimwita Kiilu, jina la babu yake Mwau. Merikebu waliiita Tima, jina la mamake Bilal.

Tangu wakati huo Mwau alikuwa na kijiwivu. Bilal alikuwa ameiona bahari. Kila likizo alikwenda Mombasa kwa mashangazi. Mwau hakuwa ameona maji makubwa kuliko mto Thwake ukifurika. Hata hivyo ni Mwau aliyejua kuutega upepo, naye alilisema hilo mara kwa mara.

Kozi ilipokwisha, nahodha Kiilu alikuwa amestaafu, na daftari, la kurasa tisini na sita zenye miraba, lilikuwa limejaa. Wakaamua kuligawa. Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo mtu aliyesoma kwa madaftari ya pini angelijua mapema. Walinyoosha pini mbili za katikati, wakahesabu karatasi ishirini na nne zilizokunjwa, wakatenga kumi na mbili za nje na kumi na mbili za ndani. Mwau alichagua za nje, pamoja na jalada, kwa kuwa aliutaka mwanzo. Alipofika nyumbani aligundua kwamba alikuwa na ukurasa wa kwanza hadi wa ishirini na nne, na wa sabini na tatu hadi wa tisini na sita. Alikuwa na mwanzo, nahodha alipokuwa maskini. Na alikuwa na mwisho, nahodha alipokuwa na jongo. Miaka yote ya ushujaa, kurasa arobaini na nane za katikati, ilikuwa kwa Bilal.

Amezionea kurasa hizo wivu tangu siku hiyo. Ameoa, amelea mabinti wawili, amekuwa mzee wa kanisa. Wivu umekaa palepale.

Baada ya tangazo, mambo yalizidi. Katika kundi la simu la wanafunzi wa zamani wa chuo, watu walianza kumwita Bilal "Nahodha". Yvonne, aliyekuwa wa kwanza darasani kwa kasi ya kupiga chapa, aliandika, "Nahodha, umeshanoa upanga?" Mwau alijibu kwa sentensi kamili, akiweka kila nukta mahali pake: "Ikumbukwe kwamba aliyeiteka merikebu ya fedha, ambayo ndiyo sifa kuu ya Nahodha Kiilu, ni mimi." Bilal alituma tu alama ya kicheko.

Siku tatu baadaye watengenezaji wakatoa tangazo la pili. Waliwaomba wachezaji wa zamani walioandika kumbukumbu za safari zao kwa mkono wazitume, zikiwa zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kamili, kabla ya mwisho wa mwezi. Manahodha wachache watakaochaguliwa, majina yao yangechongwa kwenye ukuta wa mkahawa wa bandarini ndani ya mchezo mpya, kila mchezaji duniani ayasome.

Jumamosi ile Bilal alifika Tawa, bahasha ya kaki kwapani. Syokau, mkewe Mwau, alimpa chai na viazi vitamu, akarudi jikoni, mahali ambapo kila neno la sebuleni husikika.

"Mama Mutanu, umeninenepesha," Bilal alimwambia Syokau alipokuwa akielekea jikoni, kisha akamgeukia mwenyeji wake. "Haya, lete nusu yako. Nasreen atapiga picha zote, tutume. Kiilu aandikwe ukutani!"

"Itatumwa kwa jina la nani?"

"Jina gani? Kiilu."

"Mtumaji."

"Ah, hiyo ni fomu tu. Wanataka mtu mmoja. Nitaweka langu, kwa sababu mashine iko kwangu."

Mwau alikinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani, "Daftari langu liliwa na mchwa."

Jikoni kijiko kilianguka.

"Lote?"

"Lote. Mvua za mwaka juzi. Unawajua mchwa wa huku."

Mwau alijiandaa kusikia lawama, au shaka, na alikuwa na majibu yake tayari. Lakini Bilal aliipapasa tu bahasha, kama mtu anayempangusa mtoto vumbi.

"Basi hata hii haina kazi," alisema. "Nani atachukua katikati bila mwanzo? Iweke wewe, ndugu yangu. Angalau ubaki na kitu chake. Mimi nimeisoma mpaka naijua kwa moyo." Akaiacha bahasha juu ya meza, akaaga.

Syokau alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Baba Mutanu, mchwa wale wa kwenye sanduku la bati?"

"Niache."

"Sanduku lenye kufuli? Wamepata ufunguo wapi?"

"Nimesema uniache, Syokau."

"Nakuacha. Lakini Jumapili ni wewe unasoma Neno. Chagua mahali pazuri."

Mwau alifungua sanduku, akayatoa makaratasi yake, akayalaza juu ya meza, akayapachika yale ya Bilal ndani yake. Yaliingiana sawasawa, ukurasa wa ishirini na nne ukapokelewa na wa ishirini na tano, baada ya miaka thelathini na miwili. Alichotaka kwa muda wote huo sasa kilikuwa chake chote, na hakuweza kukitumia. Akikituma, Bilal angejua kuwa hapakuwa na mchwa. Asipokituma, Kiilu angebaki sandukuni.

Kisha akasoma. Alikwenda moja kwa moja kwenye merikebu ya fedha. Ilikuwa ukurasa wa arobaini na saba, na aliutambua mwandiko mara moja: ulikuwa wake mwenyewe, ule wa kulala kidogo kushoto. Moyo wake uliruka. Aliisoma habari nzima: upepo kutoka mashariki, mizinga kumi na minane, risasi zimekwisha, pambano la panga juu ya sitaha, manahodha wawili uso kwa uso. Ni alipofika mwisho wa ukurasa ndipo alipoukumbuka utaratibu waliojiwekea. Aliyeandika hakuwa aliyeongoza. Chini, kwa mkono wake Mwau, yalikuwepo maneno haya: "Zamu ya Bilal. Mwandishi: Mwau."

Akakaa. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa ameisimulia merikebu ile kama yake: kwa wanawe, kwa wateja, na wiki hiyohiyo mbele ya kundi zima la chuo. Bilal alikuwa na ushahidi kabatini mwake wakati wote huo. Angeweza kuupiga picha na kuutuma kwa dakika moja. Alituma kicheko. Mwau alimwonea wivu hata kwa ukimya ule, kwa sababu alijichunguza, akaona kwamba yeye asingeuweza.

Jumapili alisoma Neno harakaharaka na kuketi. Jumatatu, tarehe ishirini na nane, alilibana daftari kwa pini mbili mpya, akalifunika kwa jalada lake la zamani lenye jedwali la kuzidisha, akafunga duka, akasafiri kwenda Kitui kwa njia ya Masii.

Alimkuta Bilal sebuleni pamoja na Nasreen, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko. Kompyuta mpya ilikuwa mezani, nyeusi, ikipumua taratibu. Mwau alijilazimisha asiitazame. Aliweka daftari mbele ya rafiki yake.

Bilal alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akafunga.

"Nasreen, njoo uone. Mchwa wa Tawa wana adabu. Wamekula wakarudisha, tena kwa mpangilio."

"Ami Mwau!" Nasreen aliziba mdomo.

"Nilidanganya," alisema Mwau. "Sababu unaijua. Ni hii." Akaielekezea kidevu ile mashine. "Na ni kurasa zako. Tena nimesoma wa arobaini na saba."

"Ahaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kila mara ulipoisimulia uliongeza mizinga. Nilitaka kujua itafika mingapi."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika mwaka tisini na nane. Nikasahau. Wiki iliyopita nikakasirika tena, kidogo." Bilal alivuta kiti. "Lakini hili la mchwa, hapana. Nilifika Tawa, ukanikwepa kazini. Mwethya unasemaje?"

Mwau aliujua unavyosema. "Zamu mbili."

"Siku mchezo ukitolewa, mimi naongoza nusu saa, halafu nusu saa nyingine. Wewe unaandika. Hugusi kitu."

"Mbili za kwanza kabisa?"

"Za kwanza kabisa."

Lilikuwa jambo zito. Mwau alikuwa ameiota nusu saa ile ya kwanza, kutoka bandarini, tanga jipya, bahari inayometa. Alitazama dirishani, akaitazama mashine, sasa kwa uwazi, kama mtu anavyoitazama nyumba ya jirani iliyoezekwa vigae.

"Sawa," alisema.

Nasreen alipiga picha kurasa zote tisini na sita, mpaka na jedwali la kuzidisha. Ilipofika fomu, Bilal aliinuka na kumwachia Mwau kiti. "Jaza wewe. Vidole vyangu ni vya kuuza vitambaa."

Mwau aliandika jina la nahodha: Kiilu. Jina la merikebu: Tima. Palibaki kisanduku kimoja, cha mchezaji, nacho kilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Vidole vyake, vilivyowahi kupiga maneno hamsini na tano kwa dakika, vilisimama. Nasreen alianza kusema jambo. Babake akamnyamazisha kwa jicho.

Mwau aliandika jina la Bilal, herufi baada ya herufi, akabonyeza kitufe cha kutuma kabla moyo haujabadilika.

"Imeniuma, ujue," alisema, bila kugeuka.

"Najua," alijibu Bilal. "Ndiyo maana sikutaka kuiandika mimi."

Mchezo haujatolewa hadi leo ninapoandika. Tarehe imesogezwa mara mbili, na majina ya manahodha waliochaguliwa hayajatangazwa. Mwau amekwisha kununua daftari jipya, la kurasa tisini na sita, lenye miraba. Safari hii amelishona kwa uzi, lisigawike tena, na jalada amemwachia Bilal aliandike.