Buibui Asiye na Nyumba

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Getanuwas, bondeni, nikaolewa Gitting, mlimani, kwa wakulima. Mwaka wa kwanza mama mkwe hakuniita mwanangu. Aliniita "huyu wa bondeni." Maji nilichota, uji nilikoroga, shikamoo sikuikosa asubuhi hata moja, lakini machoni pake nilikuwa mpita njia tu; siku ng'ombe wa kwetu wakihama, nami ningehama. Iliniuma sana.

Siku moja tulikwenda ukingoni mwa msitu kukusanya majani makavu ya kutandika zizini. Mama mkwe alivuta reki, buibui akachomoka mbio. Alikuwa na rangi ya majani yenyewe, kahawia, na mstari uliopauka katikati ya mgongo. Akisimama, humwoni. Miguu ilikuwa na manyoya, na macho mawili ya mbele yalikuwa makubwa, yanakukagua kabisa. Nyuma yake alikokota kifuko cheupe cha mayai, kidogo kama punje ya dengu.

"Huyo hana nyumba," mama mkwe alisema. "Anazurura na mzigo wake, kama watu wa kwenu."

Nilicheka kwa adabu, moyoni nachemka. Buibui huyo namjua tangu utoto. Hatandi utando wala hamtegi mtu. Anawinda kwa miguu yake mwenyewe: anatulia, anapima, halafu anamrukia mdudu kabla hujapepesa jicho. Jioni ukimulika tochi nyasini, macho yake yanakurudishia mwanga kama umande. Yote hayo nilitaka kumwambia, lakini mkwe hajibiwi hovyo. Nikaendelea kukusanya majani.

Reki ikashuka tena, kifuko kikang'oka. Nilidhani buibui atajiokoa. Akarudi! Alipapasa jani hili, akapapasa lile, akapanda juu ya buti la mama mkwe, akashuka upande wa pili. Mama mkwe alikuwa ameinua reki. Akaishusha taratibu kando, akangoja. Hatimaye buibui alikipata kifuko chake chini ya kijiti. Akakikumbatia, akakifunga tena nyuma kwa nyuzi zake, akaenda zake.

"Haya," alisema mama mkwe. Tukahamia upande mwingine kujaza magunia.

Majuma machache baadaye nilimkuta mama mkwe amechuchumaa nyuma ya zizi. Ukutani alikuwapo buibui wa aina ileile. Labda alikuja na magunia yetu. Mgongo wake ulikuwa umejaa watoto wadogo mno, wamepandana, wamemshikilia, naye anatembea bila kumwangusha hata mmoja. Sijawahi kuona ubebaji wa namna ile, na mimi nimetoka kwa watu wanaojua kubeba.

Jirani aliyekuja kuomba mbegu za maharage akamwona buibui, akavua kandambili ampige.

"Mama, hili dudu litawaingilia ndani!"

"Mwache," alisema mama mkwe. "Ana watoto, aende wapi? Huyu ni wa hapahapa."

Kisha akageuka, akaniona nimesimama nyuma yao.

"Mwanangu, kawafungie kuku wasije wakamla."

Nilikwenda kuwafukuza wale kuku hadi bandani huku machozi yananitoka, hata jogoo akanishangaa.