Nilimfunikia Mjukuu Wangu Filamu, Nikamwachia Majina

Nimekosa, ndugu zangu, na mwalimu mzee wa Kurani kama mimi akikosa hapa mtaani Kibokoni, hukosa kwa ukaidi.

Mjukuu wangu Zuhura alikuwa akisomea filamu za Kimarekani za siku hizi na namna biashara ya filamu hizo inavyogeuka. Alipewa filamu ishirini azitazame kabla ya mtihani. Nikamwambia, "Tazama, lakini mbele yangu."

Laiti ningeishia hapo!

Filamu ya kwanza tu, watu wakaanza kuvuana nguo. Nikatundika leso, ile kanga ya marehemu bibi yake, katikati ya chumba. Zuhura nikamweka upande ule. Mimi nikakaa upande wa kompyuta, kulinda. Vya kusikilizia nikavitia masikioni mwangu mwenyewe. Mwisho, yalipopanda majina ya waliofanya kazi, nikaifunua leso.

"Haya, hifadhi. Elimu ni sanad: nani kapokea kwa nani."

"Babu, hata dereva?"

"Hata dereva. Si ndiye aliyewafikisha?"

Maskini, alihifadhi! Filamu ishirini, tangu mwongozaji hadi mpishi, bila kukosea. Nikamshukuru Mungu kwa kipaji kile.

Mtihani ukaja na swali moja: tangu watu waanze kutazama filamu majumbani badala ya kwenda sinema, hadithi zenyewe zimebadilika vipi? Mtoto akajaza kurasa nne za majina. Hakuwa na jingine. Akafeli, akaambiwa arudie mwaka mzima.

Aliponisomea lile swali, akilia, ulimi ukaniponza.

"Mbona jepesi? Zamani hadithi ilikwisha, watu wakaenda zao. Siku hizi huachwa wazi ili usiinuke. Mimi ile ya mjane karibu initoke sala ya alasiri, nikingoja nijue kama..."

Zuhura akaacha kulia.

"Babu. Mjane gani?"

Ya Rabi! Ningejificha wapi? Zote ishirini nilizitazama, na mbili nilizirudia.

Alhamdulillahi, mtoto ana moyo mkubwa. Sasa anazitazama upya, na leso iko pale pale. Ila anayekaa nyuma ya leso ni mimi. Nangoja majina, niyahifadhi.

Wazee wenzangu, msimfunikie mtoto kitu ambacho nyinyi wenyewe hamwezi kukiondolea jicho! Juzi nilimsahau dereva mmoja tu, Zuhura akanirudisha mwanzo.